Panya Mdogo na Sindano ya Zusanli: Uchambuzi wa Kisa cha Rochester, 2010

Mwishoni mwa Mei 2010 jarida la Nature Neuroscience lilitoa makala ya kundi la Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, Marekani. Walichoma sindano ya akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, mguuni mwa panya mdogo, mahali paitwapo Zusanli, wakawa wanaizungusha kwa upole kila baada ya dakika tano kwa muda wa nusu saa, huku wakipima kinachomwagika ndani ya nyama palepale ilipo sindano. Adenosini, kemikali ya asili ya mwili, ilipanda takriban mara 24. Panya waliokuwa na maumivu ya unyayo walipata nafuu. Panya waliozaliwa bila kipokezi kimoja cha adenosini (sehemu ya seli inayoipokea), kiitwacho A1, hawakupata nafuu yoyote.

Habari ilienea upesi, na kwa wengi ilifika ikiwa imefupishwa hivi: sayansi imethibitisha sindano za Kichina. Sikubaliani na ufupisho huo, lakini pia sikubaliani na walioitupa kazi yenyewe kwa sababu tu "ni panya". Ninaiona ni kazi nzuri kuliko nyingi za fani hii, kwa sababu mnyama aliyechaguliwa alilingana na swali lililoulizwa. Matatizo yalianza pale mnyama huyohuyo alipobebeshwa maswali mengine ambayo hakuandaliwa kuyajibu. Nimekuwa nikisoma maombi ya watafiti wanaotaka kutumia wanyama, na ninapokutana na ombi linalosema "tutatumia panya kwa sababu wengine walitumia panya", hukirudia kisa hiki.

Kwanza lugha, kwa maana Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa. Neno letu panya hubeba wanyama wawili wa maabara walio mbali sana: yule mdogo wa gramu 25 hivi, na yule mkubwa anayeweza kupita gramu 300. (Panya buku wa Morogoro, wale wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ni jamii nyingine kabisa.) Katika akupancha tofauti ya hao wawili ni kubwa. Sehemu kubwa ya ujuzi wa awali wa maabara katika fani hii ilitoka kwa sungura na panya wakubwa. Han Jisheng na wenzake huko Beijing, miaka ya 1970, walichukua majimaji ya ubongo ya sungura aliyepata akupancha, wakayaingiza kwa sungura ambaye hakuguswa, na huyo wa pili naye akastahimili maumivu zaidi. Swali lao lilikuwa kama kuna kitu cha kemikali kinachosafiri, na kwa swali hilo sungura alifaa: ana majimaji ya kutosha kuchota. Baadaye panya wakubwa walionyesha kwamba umeme unaopitishwa kwenye sindano, wa mapigo 2 kwa sekunde, na ule wa mapigo 100 humwaga kemikali tofauti za mwili zinazofanana na afyuni. Kwa njia hiyo ubongo na uti wa mgongo vikawa ndivyo vinavyotajwa kila mara akupancha inapoelezwa.

Rochester waliuliza jambo jingine. Mbona mchomaji hodari huzungusha sindano, na mbona mara nyingi huchoma karibu na panapouma? Je, kuna kinachotokea pale pale, kabla habari haijafika ubongoni? Swali la namna hii halijibiki kwa kuona tu kwamba nafuu imetokea. Unahitaji mnyama ambaye unaweza kumwondolea kiungo kimoja cha mnyororo, ukaangalia kama mnyororo mzima unakatika. Mwaka 2010 mnyama huyo alikuwa panya mdogo. Panya wadogo wasio na jeni ya kipokezi cha A1 walikuwa wameshatengenezwa. Kundi la Taasisi ya Karolinska, Stockholm, liliwaeleza mwaka 2001. Sungura wa namna hiyo hakuwapo. Nguruwe hakuwapo. Panya mdogo basi alichaguliwa kwa sababu iliyo wazi, na sababu hiyo inasomeka ndani ya jaribio lenyewe. Kwangu huo ndio mtihani wa kwanza: ukifuta jina la mnyama kwenye makala, je, msomaji angeweza kulikisia kutokana na swali?

Na hawakuishia kwenye jeni, jambo ambalo ni la maana sana. Panya aliyezaliwa bila kipokezi fulani ameishi maisha yake yote bila hicho kipokezi. Wale wa mwaka 2001 waliripotiwa kuwa wepesi wa kuhisi maumivu hata kabla ya kuumizwa kwa jaribio lolote. Kwa hiyo mpinzani angeweza kusema: hamkuonyesha kwamba akupancha inapita A1, mmeonyesha tu kwamba panya mwenye maumivu makali kupita kiasi hasaidiki kirahisi. Ni pingamizi halali. Rochester walikuwa na majibu mawili. La kwanza: walidunga mahali pa sindano dawa inayokiamsha kipokezi cha A1, nayo ikaleta nafuu bila akupancha. La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Walitumia deoksikofomisini, dawa ya saratani ya damu inayozuia vimeng'enya vinavyoivunja adenosini. Kama kweli adenosini ndiyo inayoleta nafuu, basi ukichelewesha kuvunjika kwake nafuu inapaswa kudumu. Nayo ilidumu zaidi ya mara tatu. Na hilo lilitokea kwa panya wa kawaida, wenye jeni zao zote. Njia mbili zisizotegemeana zimefika mahali pamoja.

Waliangalia ubongo pia, wakapima mwitikio wa eneo la mbele la gamba la singuleti, sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu, pale neva ya mguu inapochochewa. Kipimo hicho kina faida yake. Vipimo vingi vya maumivu kwa panya ni vya kuondoa mguu: unaugusa unyayo kwa uzi mgumu kidogo, au unaulekezea joto, na kuangalia lini panya atauinua. Lakini kuinua mguu ni kazi ya uti wa mgongo kwa sehemu kubwa. Mtu anayekwenda kwa mganga wa sindano haendi kwa sababu anainua mguu. Anakwenda kwa sababu halali usiku, hawezi kuinama kufua, na maumivu yamemfanya mkali kwa watoto. Kupima ubongo hakumalizi tatizo hilo, ila kunasogea hatua moja mbele ya unyayo.

Sasa nije kwenye upande mgumu.

Zusanli ni pointi, yaani mahali pa kuchomea sindano, maarufu kuliko karibu zote. Kwa binadamu iko upana wa vidole vinne chini ya goti, na upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa muundi, ndani ya msuli wa mbele wa mguu. Kwa panya huhamishwa kwa kulinganisha anatomia: milimita chache chini ya goti, kwa nje. Ramani hiyo inaonekana rahisi hadi uushike mguu wenyewe. Panya hutembea na goti lililokunjwa daima. Mfupa wake mwembamba wa nje umeungana na muundi kwa chini, tofauti na wetu. Chini ya ngozi ana tabaka jembamba la msuli linalofunika sehemu kubwa ya mwili, ambalo kwetu limebaki mabaki tu, na ngozi yake inateleza huku na huko. Hili la ngozi si dogo. Mtafiti Helene Langevin, alipokuwa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, alionyesha kwamba sindano ikizungushwa, tishu unganishi hujiviringisha kwenye sindano kama tambi kwenye uma, na ndipo mchomaji anapohisi sindano "imeshikwa". Kama mvuto huo ndio unaoziamsha seli, basi unene wa tishu hiyo na jinsi ngozi ilivyoshikamana na nyama ni sehemu ya tiba yenyewe. Kwa swali la mvuto wa tishu, nguruwe, ambaye ngozi yake imeshikamana kama yetu, angekuwa shahidi bora kuliko panya yeyote.

Halafu kuna ukubwa. Muundi wa mtu mzima una sentimita 36 hivi. Wa panya mdogo haufiki sentimita 2. Tofauti ni karibu mara ishirini. Chukua sindano nyembamba sana, ya milimita 0.16, uichome kwenye mguu huo. Kwa kipimo cha mguu wa binadamu, umechoma kitu chenye unene wa zaidi ya milimita 3, unaokaribia msumari wa inchi tatu. Seli zinazopasuka humwaga ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na ATP ikivunjwa huishia kuwa adenosini. Basi lazima tuulize: mara 24 zile ni alama ya tiba, au ni alama ya jeraha katika mnyama mdogo?

Rochester walikuwa na sehemu ya jibu. Sindano iliyochomwa bila kuzungushwa haikuleta nafuu, ingawa tundu lilikuwa lilelile. Kwa hiyo tundu peke yake halitoshi. Lakini kuzungusha nako, katika mguu wa namna hiyo, kunaviringisha sehemu kubwa zaidi ya msuli kuliko kwetu. Mimi sioni namna ya kulimaliza swali hili ndani ya panya mdogo. Ukubwa wa ongezeko hauwezi kuhamishwa kwenda kwa mtu. Kinachoweza kuhamishwa ni dhana: kwamba kuzungusha sindano huinua adenosini. Na dhana ilihamishwa. Mwaka 2012 kundi lenye watafiti haohao lilichapisha kwenye The Journal of Pain kipimo cha aina hiyohiyo, safari hii kwenye mguu wa binadamu, Zusanli ileile. Adenosini ilipanda. Hapo panya alikuwa amemaliza kazi yake kwa heshima: alitoa utabiri ulio bayana, na utabiri ukajaribiwa kwa watu bila kungoja miaka ishirini.

Nikae kidogo kwenye aina ya maumivu, maana watafiti chipukizi hujikwaa hapa kuliko penginepo. Wakisema "mnyama wa mfano" wanafikiria spishi, wakati mfano ni vitu viwili: mnyama na ugonjwa uliomtengenezea. Rochester walitumia maradhi mawili. La kwanza ni uvimbe wa unyayo unaosababishwa na kudunga mchanganyiko wenye bakteria waliokufa. La pili ni kuumiza neva ya siatiki, neva kubwa ya mguu, kwa njia inayoacha tawi moja zima, ili eneo linalohudumiwa na tawi hilo liwe jepesi kuhisi maumivu.

Katika umbo lake la awali, njia hii ya pili hukata matawi mawili, la tibiali na la peroneali, na kuacha la surali. Sasa jiulize: msuli ulioko Zusanli unapata neva yake kutoka tawi lipi? Kutoka peroneali. Maana yake ni kwamba mtafiti anayefuata umbo hilo kama lilivyoandikwa, kisha akachoma Zusanli ya mguu uleule, anachoma msuli ambao waya wake wa simu ameukata kwa mkono wake. Asipopata matokeo, atasema akupancha haifanyi kazi kwa maumivu ya neva. Akiyapata, itambidi aeleze habari ilipita wapi. Yapo maumbo mengine ya upasuaji huu yanayoacha tawi jingine, na kuchagua kati yake kunapaswa kufanywa na mchoro wa anatomia mezani, kabla ya panya wa kwanza kuletwa. Nimeona maombi yenye kurasa arobaini yasiyo na sentensi moja juu ya hili. Inaniuma, kwa sababu wanyama hao watakatwa neva na jibu halitasomeka.

Uvimbe wa unyayo una udhaifu wa namna nyingine: ni wa siku chache. Nafuu ya panya wa Rochester ilihesabiwa kwa dakika na saa. Wanaotafuta akupancha duniani wengi wana migongo iliyouma miaka. Jaribio la Ujerumani la mwaka 2007 lililohusisha wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo lilionyesha hivi baada ya miezi sita: walionufaika kwa akupancha halisi walikuwa asilimia 47.6, kwa akupancha bandia iliyochomwa juujuu mahali pasipo pointi asilimia 44.2, na kwa tiba ya kawaida asilimia 27.4. Takwimu hizo zinahitaji kusomwa polepole. Kuchomwa sindano kulishinda tiba ya kawaida kwa mbali. Kuchomwa mahali "sahihi" hakukushinda kuchomwa mahali "pasipo sahihi". Na hapa utafiti wa Rochester hauwezi kutusaidia sana, kwa kuwa adenosini haina habari na ramani ya pointi. Inamwagika pale seli zinaposumbuliwa. Dawa ya kuamsha A1 ilipodungwa mguu wa upande wa pili, haikutuliza maumivu ya upande huu. Matokeo yao ni ya eneo, sio ya pointi, na anayeyatumia kutetea mfumo mzima wa njia za nishati za tiba ya Kichina ameyabebesha mzigo usio wao.

Watu hupenda kusema kwamba mnyama haamini chochote, kwa hiyo akipata nafuu ni nafuu halisi, haina plasebo. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Panya anayeshikwa, kubanwa na kuchomwa huingiwa na hofu, na hofu yenyewe hupunguza maumivu. Mwaka 2014 maabara ya Jeffrey Mogil, Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ilionyesha kwamba panya huonyesha maumivu kidogo zaidi mtafiti akiwa mwanamume, na kwamba fulana iliyovaliwa na mwanamume ikiwekwa karibu inatosha kuleta athari hiyo. Kwa hiyo utafiti wa akupancha ambamo mchomaji ni yule yule kwa kundi la tiba, na kundi la ulinganisho linaachwa likipumzika ndani ya boksi lake, haujalinganisha sindano na kutokuwa na sindano. Umelinganisha panya aliyeogopa na panya aliyetulia. Ulinganisho wa haki ni kushikwa kulekule, kwa muda uleule, na mikono ileile, tofauti ikiwa ni kuzungusha tu. Kipimo cha Rochester cha sindano isiyozungushwa kilikuwa karibu na haki hiyo, na ndiyo maana nakithamini kuliko hata ile mara 24.

Kama unataka kuona chaguo lililofanana na lao likifanywa kwa swali lingine, angalia kazi ya Qiufu Ma na wenzake iliyotoka kwenye Nature mwaka 2021. Hao hawakuuliza juu ya maumivu. Waliuliza kwa nini umeme hafifu kwenye mguu wa nyuma hutuliza dhoruba ya kinga mwilini kupitia neva ya vegasi (inayounganisha ubongo na viungo vya ndani) na tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ilhali umeme uleule tumboni hautulizi. Walitumia panya wadogo ambao kundi moja la neva lilikuwa limewekewa alama ya jeni, wakakuta neva hizo zimejaa kwenye utando wa ndani wa mguu na hazipo kwenye utando wa tumbo. Wakiziondoa, athari inatoweka. Wakiziamsha kwa mwanga, athari inarudi bila umeme. Hapo "mahali" pamepata maana ya kianatomia, jambo ambalo adenosini haikuweza kutoa. Lakini mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha kwamba umeme mkali tumboni humkinga panya ukitangulia ugonjwa, na humdhuru ukija baada ya ugonjwa kupamba. Mnyama yuleyule, pointi ileile, saa tofauti, na matokeo yakapinduka. Nani angekubali kulijaribu hilo kwanza kwa mgonjwa aliye mahututi? Kwa maswali ya namna hiyo mnyama wa majaribio anastahili shukrani yetu, na anastahili pia asitumiwe ovyo.

Ndiyo sababu siwezi kuchukulia uchaguzi wa mnyama kuwa ni kujaza fomu. Wanasayansi Russell na Burch waliandika tangu mwaka 1959 kwamba mtafiti atafute kwanza mbadala wa mnyama, kisha apunguze idadi, kisha apunguze mateso. Katika akupancha mbadala mara nyingi uko karibu sana: binadamu mwenyewe. Sindano ni nyembamba, hatari ni ndogo, na watu wanachomwa kila siku kwa hiari na kwa fedha zao. Kama swali ni "je, magoti ya wazee yanapata nafuu?", hakuna panya anayehitajika. Mnyama anaingia pale tu ambapo swali linataka kitu ambacho hatuwezi kumfanyia mtu, kama kufuta jeni, kumpa dawa kali ya saratani asiye na saratani, au kukata neva. Tatu hizo ndizo zilizofanywa Rochester au kwa waliofuata nyayo zao, na mbili za mwisho ndizo zinazotakiwa kutetewa kwa nguvu zaidi.

Deoksikofomisini nayo ina somo lake. Waliosoma habari kwa haraka waliona tiba mpya: changanya dawa na sindano, nafuu idumu mara tatu. Lakini dawa hiyo hushusha kinga ya mwili. Kwa panya ilikuwa chombo cha kuuliza swali, na ilibaki hapo. Njia iliyokuwa na busara zaidi ilitoka maabara ya Mark Zylka, Chuo Kikuu cha North Carolina: mwaka 2012 walidunga nyuma ya goti la panya kimeng'enya kinachotengeneza adenosini polepole palepale, na nafuu ikadumu siku kadhaa kutoka dozi moja. Hawakuihitaji sindano ya kuzungushwa tena. Panya alikuwa amewaonyesha kemia, wakaichukua kemia.

Limebaki jambo moja ambalo ningelitaka kwenye kila jaribio la watu linalojengwa juu ya kazi hii. Panya wa Rochester walikunywa maji. Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, A1 kikiwamo. Ndiyo kazi yake, ndiyo maana kikombe cha asubuhi kinatuamsha. Mgonjwa wa Berlin, wa Beijing au wa Mombasa anayelala kwenye kitanda cha mchomaji saa nne asubuhi huenda ameshakunywa vikombe viwili vya kahawa au chai ya rangi. Kama adenosini ndiyo njia, basi njia hiyo imefungwa nusu kabla sindano haijatoka kwenye pakiti, na mganga hajui, na daftari la utafiti halikuuliza. Ni swali la sentensi moja kwenye dodoso: umekunywa nini tangu ulipoamka, na saa ngapi?